Anayehama Bendi Si Msaliti

Ndugu msomaji, katika lugha yetu yako maneno ambayo hayafai kutamkwa ovyo, na mojawapo ni neno "msaliti". Msaliti ni mtu aliyeaminiwa na wenzake akawauza. Hata hivyo hapa Ifakara, na naamini hata kwingineko nchini, neno hilo limetumika miaka nenda miaka rudi kumwita mpiga gitaa aliyetoka bendi moja akaingia nyingine. Nimelisikia sokoni. Nimelisikia stesheni ya TAZARA, watu wakisubiri treni iliyochelewa. Nimelisikia kwenye benchi la kahawa Kibaoni, likitamkwa na wazee wenye ndevu nyeupe ambao kwa mambo mengine ni watu wa busara. Fulani katoka Sikinde kaenda Msondo: msaliti. Fulani karudi Sikinde: msaliti mara mbili.

Naandika kurasa hizi kulikataa neno hilo. Nasema kwamba mwanamuziki wa dansi aliyehama hakumsaliti mtu. Nasema kwamba kuhama ilikuwa haki pekee iliyobaki mkononi mwake. Na nasema kwamba wale hasa waliostahili lawama tumewaacha wamekaa viti vya mbele, wanashangiliwa.

Hebu tumtazame mhamaji mmoja anayejulikana na kila mtu. Muhiddin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, alipita katika bendi ndogo ndogo, Rufiji Jazz na Kilwa Jazz zikiwemo, kabla ya mwaka 1964, ilipoundwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi. Hapo alikaa miaka kumi na zaidi. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park Orchestra, hiyo tunayoiita Sikinde. Mwaka 1985 akaondoka tena, yeye na Hassan Rehani Bitchuka na Abel Balthazar na wenzao wengine, wakaenda kuunda International Orchestra Safari Sound, iliyopiga mtindo wa Ndekule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akarudi kwenye bendi yake ya zamani ya wafanyakazi, na huko akabaki hadi alipostaafu mwaka 2013. Alifariki Aprili 2014.

Mwenye kupenda kuhesabu makosa ya watu atasema: hapo pana usaliti usiopungua mara tatu. Mimi nasema: hapo pana maisha ya mfanyakazi.

Nakumbuka vizuri habari za mwaka 1985 zilivyopokelewa huku bondeni. Sisi hatukuwa na ukumbi wa DDC. Tulikuwa na redio za betri, na Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyotuletea dansi mpaka kwenye madungu ya mashambani, usiku tukilinda mpunga. Msondo na Sikinde kwetu zilikuwa kama Simba na Yanga. Iliposikika kwamba waimbaji wakubwa wa Sikinde wamechukuliwa kwa mpigo, walikuwepo watu wazima waliokasirika kana kwamba wameibiwa ng'ombe. Wakasema Sikinde imekufa. Wakasema Gurumo na Bitchuka wamenunuliwa kama kuku.

Je, Sikinde ilikufa? La hasha. Iliajiri wengine, ikafanya mazoezi, ikapanda jukwaani. Ile Safari Sound iliyowanyakua ndiyo ambayo haikufika mbali katika miaka ya 1990. Sikinde ikaendelea, na Bitchuka huyo huyo akarudi kuiimbia. Aliyekuwa amewekewa matanga akaja kupigiwa makofi na watu wale wale. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akisema, "Tulikosa adabu."

Lakini iko sehemu ya habari ile ambayo wapenzi hawakuijali, nami naiona kuwa ndiyo kiini cha jambo. Hugo Kisima, mwenye Safari Sound, kabla ya kuwaita watu wa Sikinde alikuwa tayari na bendi, Orchestra Safari Sound ya mtindo wa Masantula. Akaivunja. Mtu mmoja, kwa kuwa vyombo ni vyake na jina ni lake, alifuta bendi nzima iliyokuwa ikipendwa, akaanza nyingine. Sasa nijibuni wazee wangu wa kahawa: mpiga gitaa akiondoka peke yake na vidole vyake ni msaliti, mwenye bendi akiwaondoa wote aitwe nani? Yeye tulimwita mfanyabiashara.

Tazama pia bendi za mashirika, maana ndizo zilizokuwa nyingi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima la Taifa, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Polisi walikuwa na bendi yao, na Jeshi la Kujenga Taifa yao. Mfumo huu ulikuwa na faida yake, wala siwezi kuukana: mwanamuziki alipata mshahara wa mwezi, na katika miaka ya 1980, ambapo fedha za kigeni zilikuwa adimu na gitaa zuri lilikuwa halionekani dukani, ni shirika tu lililoweza kununua vyombo. Lakini angalia nani alikuwa na nini. Vyombo mali ya shirika. Jina mali ya shirika. Gari la shirika, ukumbi wa shirika, hata shati la sare ni la shirika. Mwanamuziki alikuwa na koo lake na vidole vyake kumi.

Na mashirika yenyewe hayakukaa mahali pamoja. Bendi ya wafanyakazi ilianza kuitwa NUTA Jazz. Chama kilipogeuzwa jina mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaitwa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 chama kikageuka tena, ikawa OTTU Jazz. Baadaye ikawa Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza ikiwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, na mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki anaweza kulala ni mwajiriwa wa huyu akaamka ni mwajiriwa wa yule, wala hakuna aliyemwuliza. Tajiri akihama kutoka kwa mwanamuziki tunaita mabadiliko ya uongozi. Mwanamuziki akihama kutoka kwa tajiri tunatafuta mawe.

Sisi wa Kilombero tungepaswa kuwa watu wa mwisho kusema hivyo. Kila msimu wa kukata miwa kiwandani kule Kidatu huja vijana kutoka mikoa mingi, panga mkononi. Mwaka huu wako kwa huyu, mwakani wako kwa mwingine, au wamerudi kwao kulima. Vibarua wa mpunga nao ni vivyo hivyo: anayelipa vizuri kwa ekari ndiye anayepata watu, na mwenye maneno mengi na malipo haba hubaki na mpunga wake unapukutika. Sijapata kusikia mtu wa Mang'ula au Kiberege akimwita mkata miwa msaliti. Tunasema amekwenda kutafuta. Kwa nini basi riziki iwe halali kwa mwenye panga na iwe haramu kwa mwenye gitaa?

Nazijua hoja za upande wa pili, nami sitazikwepa. Hoja yao nzito ni hii: miwa ni miwa, akate nani akate, lakini sauti ni ya mtu, na mtu akiondoka bendi inaharibika. Na mfano wao uko hapa hapa mkoani kwetu. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, ikapata jina kubwa kwa Mbaraka Mwinshehe, ikafika naye mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Mwaka 1973 Mbaraka akatoka akaunda Super Volcano, na Morogoro Jazz haikurudi tena kilele kile. Mbaraka akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, na Super Volcano nayo ikapoteza nguvu.

Kisa hicho nakikubali chote, lakini hakithibitishi wanachotaka. Kinathibitisha kwamba bendi inayosimama juu ya mgongo wa mtu mmoja itaanguka naye, awe amehama au amekufa. Mji huo huo wa Morogoro ulikuwa na Cuban Marimba. Salum Abdallah, aliyekuwa roho yake, alifariki kwa ajali mwaka 1965. Juma Kilaza akaishika na muziki ukaendelea miaka mingi. Kumbe kuna bendi iliyojengwa juu ya mtu, na kuna bendi iliyojengwa juu ya mtindo unaoweza kufundishwa.

Msondo na Sikinde zilijengwa juu ya mtindo. Mwimbaji mpya aliyeingia hakuambiwa aimbe kama apendavyo. Alikuta namna ya kupokezana sauti, namna ya magitaa kujibizana, mahali pa tarumbeta na saksafoni kuingia. Alijifunza, kisha akaongeza chake. Marehemu Shaaban Dede, aliyefariki mwaka 2017, aliimba Msondo, akaimba Sikinde, akapita na Bima Lee, na kila alikofika aliacha tungo. Michael Enoch alipata sifa ya gitaa akiwa Dar es Salaam Jazz, na uzoefu huo akauingiza Mlimani Park, ambako vijana walimwita Ticha. Mwalimu huyo asingehama, wanafunzi wale wangempata wapi? Watu wa Maquis walitoka Kongo, wakaja na magitaa yao ya Lubumbashi. Kama kila mtu angebaki alipozaliwa kimuziki, dansi la Tanzania tunalojivunia lisingekuwepo. Kuhama ndiyo ilikuwa shule yake.

Wala si sisi peke yetu. Uingereza wana bendi ya rock iitwayo Deep Purple, iliyoanza mwaka 1968. Imebadilisha waimbaji na wapiga magitaa mara nyingi, hata ikabaki na mtu mmoja tu, mpiga dramu Ian Paice, aliyekuwemo vipindi vyote. Wapenzi wake wanavihesabu vipindi kwa namba, kama sisi tunavyohesabu awamu za serikali, na wanabishana kipi kilikuwa bora. Ubishi huo ni raha ya mpenzi. Bendi nyingine ya huko, Fleetwood Mac, ilipoteza mpiga gitaa baada ya mpiga gitaa. Mwaka 1974 meneja wake alidai kwamba jina la bendi ni mali yake, akapeleka Marekani kundi la watu wengine kabisa wakapige chini ya jina lile. Wanamuziki walisimama, mawakili wakaitwa, na jina likabaki kwao. Jambo ninalotaka ulione hapo ni hili: hata huko tajiri alijaribu kusema kwamba bendi ni jina na jina ni langu. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mahali pa kwenda kudai. Wa kwetu walikuwa na njia moja tu ya kudai, nayo ni mlango.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya nyimbo za dansi ilirekodiwa na redio ya taifa, nayo hadi katikati ya miaka ya 1990 haikuwa na mshindani Bara. Nyimbo zile zilipigwa asubuhi, mchana na usiku. Maduka ya kanda yakazinakili na kuziuza kila mji, na Ifakara hatukuwa nyuma. Mimi mwenyewe nilinunua, nawe huenda ulinunua. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu mwaka 1966, lakini ilikaa kwenye makabati. Sheria mpya ilikuja mwaka 1999, na kwayo kikaundwa Chama cha Hakimiliki, COSOTA. Hesabu mwenyewe: mtu aliyetunga mwaka 1975 alisubiri miaka 24 kabla hata ya kuwapo ofisi ya kumkusanyia haki yake. Katika miaka hiyo yote, nyongeza pekee aliyoweza kuipata ni ile ambayo bendi nyingine ilikubali kumpa akihamia kwake.

Matunda yake tumeyaona. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya kuimba miaka zaidi ya 50, alisema wazi kwamba hakuwahi kumiliki gari. Aliyempa gari ni kijana wa muziki wa kizazi kipya, Diamond Platnumz. Namshukuru kijana yule kwa adabu yake. Lakini nawauliza wale waliokuwa wakipiga kelele za usaliti: kama mzee huyu alihama kwa tamaa, tamaa hiyo ilizaa nini? Msaliti gani huyu anayeuza wenzake nusu karne na kuzeeka bila gari?

Mtaani kwetu aliishi mzee mmoja, sasa ni marehemu, aliyepiga bezi ujanani katika bendi ya mtu binafsi ya mkoa mwingine. Alinisimulia safari yao moja ya kwenda Mahenge. Wakati huo daraja la Mto Kilombero halijajengwa; lilikuja kufunguliwa mwaka 2018. Walifika Kivukoni kivuko kimeshafungwa. Mwenye bendi akageuza na dereva kurudi Ifakara kulala nyumba ya wageni. Wapigaji wakaachwa mtoni kulinda vyombo, wakalala juu ya maspika, na mbu wa Kilombero kila msomaji anawajua. Kesho yake wakapiga hadi alfajiri. Mapato ya mlangoni yakahesabiwa na mtu mmoja, akasema yamekwisha kwenye mafuta.

Miezi michache baadaye mzee huyo akapata nafasi kwenye bendi nyingine. Alipoaga hakudaiwa gitaa, maana gitaa hakuwa nalo. Alidaiwa shati na viatu. Akavua sare mbele ya wenzake, akaondoka na kandambili. Aliporudi kuishi Ifakara, watu walimtania kwa jina la "Kigeugeu", na alikwenda nalo mpaka uzeeni. Wengi waliomwita hivyo hawakujua lolote la usiku ule wa Kivukoni, wala hawakuuliza. Alikuwa akicheka wakimwita, lakini mimi niliyekaa naye barazani najua kwamba hakuwa akifurahi.

Na sisi hasa tunamcheka nani kwa kuhama? Bonde hili lote ni la wahamaji. Wambunga waliingia karne ya 19, wakawakuta Wandamba na Wapogoro. Wakaja Wabena, Wahehe na Wangoni. Reli ya TAZARA ilipojengwa miaka ya 1970 ilileta watu wa kila kabila, na wengi hawakurudi walikotoka. Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao. Tumegombana, na hadi leo tunagombana juu ya ardhi na malisho. Sisemi kwamba kuhama hakuna machungu. Lakini ukiondoa wote ambao wao au babu zao walihamia, Ifakara utabaki na watu wachache sana wa kukujibu hodi.

Nisieleweke vibaya. Mpenzi wa bendi ana haki ya kusikitika. Sauti uliyoizoea ikiondoka, nyumba inakuwa baridi, na huo ni uchungu wa kweli. Pia simtetei mwanamuziki anayepokea fedha ya onyesho kisha asitokee, au anayeondoka na gitaa la wenzake. Huyo ni mwizi na aitwe mwizi. Ninachokataa ni kugeuza huzuni yetu kuwa hukumu juu ya mtu aliyekwenda kutafuta chakula cha watoto wake.

Mambo haya hayajapita. Siku hizi bendi ni chache, lakini vijana wetu wa Ifakara wanakwenda Dar es Salaam na nyimbo zao kwenye simu, na huko wanatiwa saini na lebo. Mwaka 2019 Harmonize alipoondoka WCB Wasafi alieleza mwenyewe hadharani kwamba kutoka kwake kulimgharimu shilingi milioni 500. Tofauti na enzi za Gurumo ni kwamba sasa mkataba upo, na mlango una bei. Na neno lile lile likaibuka tena, safari hii kutoka vinywani mwa watoto ambao hata Ndekule hawakuisikia: msaliti, hana shukrani, katoka wapi yule.

Basi nawausia wazazi wenzangu. Kijana wako akikuambia anakwenda kuimba, usimpe nasaha ya "uwe mtiifu kwa bosi wako" peke yake. Mwambie asome karatasi kabla ya kutia saini, na kama haielewi, atafute mtu wa kumsomea. Mwambie aulize jina ni la nani, wimbo ni wa nani, na akitaka kuondoka itakuwaje. Mwambie asajili kazi zake. Nanyi wazee wa kahawa, siku mtakaposikia tena kwamba mwimbaji fulani kahama, kabla hamjamwita jina lolote ulizeni kwanza alikuwa akilipwa nini alikotoka. Asiyejua jibu la swali hilo na anyamaze, anywe kahawa yake.